Kisiwa cha karantini: matembezi ya Frioul, Marseille

Najua nimekaa kimya muda mrefu, msidhani nimewasahau, ni zamu za usiku tu. Wengi wenu mliziona zile picha za bahari ya buluu na mawe meupe mkauliza nilikwenda wapi, na Shangazi akataka kujua mbona kisiwa chenyewe hakina hata mti wa kupumzikia. Basi leo nawaelezea, maana kisiwa kile kina mambo yanayotuhusu sana sisi watu wa hospitali.

Nilipata likizo ya siku nne nikaenda Marseille, mji mkubwa wa bandari kusini mwa Ufaransa, kwenye bahari ya Mediterania. (Habari ya kuomba viza ya Schengen ukiwa na pasipoti yetu nitaiandika siku nyingine, ile peke yake ni riwaya.) Katikati ya mji kuna Bandari ya Zamani, unapanda boti pale, na baada ya nusu saa hivi unashuka visiwa vya Frioul. Viwili vikubwa ni Pomègues na Ratonneau. Vimeunganishwa na ukuta wa mawe uliojengwa baharini miaka ya 1820, kwa hiyo unavuka kwa miguu toka kimoja hadi kingine. Njia ni nyepesi. Hata Mama na goti lake angeifuata taratibu, mradi awe na kofia na maji, maana kivuli hakuna kabisa. Ni mawe ya chokaa, vichaka vifupi, shakwe wanaopiga kelele kama watoto wa shule wakati wa mapumziko, na upepo wao mkali wanaouita mistral.

Boti ikitoka bandarini, upande wa kulia chini ya ngome utaona jengo dogo la kale. Hiyo ilikuwa ofisi ya afya ya bandari, iliyojengwa mwaka 1719. Nawaomba muishike tarehe hiyo.

Marseille ilikuwa inafanya biashara kubwa na nchi za mashariki ya Mediterania, na kila mtu alijua kwamba pamoja na pamba na hariri, tauni nayo husafiri. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu uliosifika bahari nzima. Kila nahodha alitakiwa kuwa na cheti cha afya toka kila bandari aliyopita. Meli ilisubiri Pomègues, nahodha anakuja kwa mashua hadi ofisi ya afya, anahojiwa kwa mbali na kuapishwa bila kukanyaga nchi kavu. Barua zilitiwa siki. Watu na mizigo walikaa karantini siku nyingi katika majengo nje ya mji yaliyoitwa Infirmeries. Meli iliyoshukiwa kweli kweli ilipelekwa mbali zaidi, kisiwa cha Jarre kusini ya mji. Wasimamizi wa afya walikuwa 16, na wengi wao walikuwa wafanyabiashara na manahodha wa zamani. Hapo ndipo mimi ninapopaona pabovu.

Tarehe 25 Mei 1720 ikafika meli iitwayo Grand-Saint-Antoine, nahodha wake Jean-Baptiste Chataud, ikitoka pwani ya Sham na Cyprus. Njiani alikufa abiria mmoja, wakafuata mabaharia kadhaa, na tabibu wa meli naye akafa. Nahodha alijifungia chumba cha nyuma, akili hiyo alikuwa nayo. Walipopita Livorno kule Italia, waganga wa pale waliandika kwamba vifo vile vilitokana na homa mbaya ya namna ya tauni. Karatasi hiyo ilikuwepo. Lakini kwenye daftari la ofisi ya afya ya Marseille iliandikwa kwamba watu wale walikufa kwa chakula kibaya.

Jamani, chakula kibaya! Nilisimama kwenye ile njia ya Ratonneau nikalifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Sisi manesi hatuandiki sababu ya kifo, hiyo ni kazi ya daktari. Lakini sisi ndio tunaoandika yote yaliyotangulia: joto la mwili saa nane usiku, matapishi, uvimbe. Najua jinsi mstari mmoja wa maandishi unavyoweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

Na mlango ulifunguliwa. Siku mbili baada ya kufika baharia mwingine akafa. Kwanza iliamuliwa mizigo iende Jarre, kisha uamuzi ukabadilishwa, vitambaa vikashushwa Infirmeries, karibu na mji. Kwa nini? Mwezi Julai kulikuwa na mnada mkubwa wa Beaucaire, na bidhaa zile zilikuwa mali ya watu wakubwa. Mmoja wa wenye hisa alikuwa Jean-Baptiste Estelle, mkuu wa madiwani wa mji. Abiria wakaruhusiwa kwenda zao katikati ya Juni. Waliofuata kufa ni wapagazi waliofungua marobota, na tarehe 20 Juni akafa mwanamke mmoja ndani ya mji wenyewe.

Tarehe 9 Julai madaktari wawili, baba na mwana wa ukoo wa Peyssonnel, walimkuta mtoto mgonjwa wakasema wazi kwamba hii ni tauni. Wakubwa wa mji hawakutaka jambo hilo litangazwe. Mzee Peyssonnel alikufa mwaka huo huo.

Sitawachosha na maelezo ya Agosti na Septemba, mengine hayafai kusomwa kabla ya kula. Mji ulikuwa na watu kama 90,000, na karibu nusu yao walikufa. Maiti zilirundikana mitaani hadi wafungwa waliokuwa wakipiga makasia kwenye merikebu za mfalme wakatolewa kuja kuzika, wakaahidiwa uhuru. Wengi wao hawakuishi kuupata. Mwaka 1994 kaburi la pamoja lilichimbuliwa mjini, na baadhi ya mifupa ilikutwa na pini za shaba kwenye kidole gumba cha mguu. Waliwachoma kuhakikisha kwamba wamekufa kweli. Unaona kwamba hata katika hali ile kulikuwa na mtu aliyeogopa kumzika mwenzake akiwa hai, na mtu huyo mimi namheshimu.

Meli ilichomwa moto Septemba huko Jarre, na mabaki yake yakapatikana chini ya bahari mwaka 1978. Nahodha Chataud alifungwa kisiwa cha If, ile ngome mnayoiona kwenye picha yangu ya tatu, akatoka mwaka 1723. Estelle hakufungwa. Tuseme na haki yake, alibaki mjini na wananchi wake wakati matajiri wengi walikimbia, na leo kuna mtaa wenye jina lake. Kwenye boti watalii wote wanaongelea mfungwa wa If wa kwenye kitabu cha Dumas, ambaye hakuwahi kuishi. Sikumsikia hata mmoja akimtaja nahodha.

Sasa fuateni ile njia ya Ratonneau hadi mwisho, juu ya ghuba ndogo ya Saint-Estève, mtakuta hospitali ya Caroline. Ilijengwa kati ya 1823 na 1828, baada ya homa ya manjano kuua watu wengi Barcelona mwaka 1821. Marseille safari hii haikutaka mchezo. Mjenzi wake, Michel-Robert Penchaud, aliiweka mahali penye upepo kuliko kote, majengo ya wagonjwa yamepeana nafasi na katikati kuna kanisa dogo kama hekalu la Wagiriki. Waliamini ugonjwa umo kwenye hewa chafu, hivyo upepo utaufagia. Leo tunajua ni mbu, ndiyo maana tunachanjwa na kupewa kadi ya manjano. Lakini mbu naye hapendi upepo, kwa hiyo walibahatisha! Hospitali ilipigwa mabomu mwaka 1944, na imekuwa ikikarabatiwa kidogo kidogo.

Wa Unguja mtasema hii ni Changuu yetu, na kweli: nako kulijengwa jela mwaka 1893, pakaishia kuwa karantini, ingawa wageni siku hizi huenda kuangalia kobe. Na sisi wa Lushoto hatuhitaji kusimuliwa tauni. Ilianza kwetu mwaka 1980 ikarudi mara kwa mara kwa miaka mingi. Nakumbuka nikiwa mdogo Bibi akitukataza kugusa panya aliyekufa, na mganga wa zahanati akipita nyumba hadi nyumba kuuliza nani ana homa, nani ana mtoki. Aliuliza na kuandika. Dawa zilikuwepo, za bei nafuu tu, na mgonjwa akiwahi anapona. Hakuna aliyeandika chakula kibaya.

Mdogo wangu unayesoma uuguzi hapo Tanga, hiki nimekiandika kwa ajili yako zaidi.

Mkijaliwa kufika, nunueni tiketi asubuhi, bebeni maji na chakula, na ulizeni saa ya boti ya mwisho. Mistral ikivuma sana boti haishushi watu If, mtaiona ngome kwa mbali tu. Picha zilizobaki nitazituma Jumapili nikimaliza zamu.