Krapf Hakufika Mombasa Peke Yake

Muulize msee yeyote aliyemaliza sekondari Kitale ama Bungoma kuhusu Ludwig Krapf. Atakujibu mbio mbio: mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, akaanzisha kituo cha Rabai na Rebmann 1846, akauona Mlima Kenya 1849. Maksi zote. Sasa muulize huyo Krapf alifika Mombasa na nani. Hapo ndipo stori inakatika.

Alifika na mke wake. Aliitwa Rosine Dietrich, mwenyeji wa Basel, Uswisi. Walioana mwaka wa 1842 huko Misri, na karibu ndoa yao yote ilikuwa safari. Maoni yangu ni haya: ile 1844 tunayokariri ni ya watu wawili, na aliyelipa bei kubwa zaidi ndiye tuliyemfuta.

Siku hizi mitandaoni kuna mabwana na mabibi wanaouza nyumba, wananunua mashua ya tanga na kuzunguka visiwa huku wakijirekodi. Maji ya buluu, jua likizama, kikombe cha kahawa mkononi. Sina shida nao, hata mimi huwatazama nikipanga maisha ambayo sina pesa zake. Lakini ukitaka kujua safari ya mke na mume baharini ilikuwaje kabla ya injini na friji, wafuate hawa wawili.

Krapf alikuwa amefanya kazi Ethiopia tangu 1837, akitumwa na Church Missionary Society ya London. Baada ya ndoa walijaribu kurudi huko pamoja, njia ikafungwa. Katika hiyo safari Rosine alijifungua nyikani kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, neno la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Walipokosa njia ya kaskazini, wakaamua kujaribu kupitia pwani yetu. Tarehe 11 Novemba 1843 wakapanda chombo cha Waarabu bandarini Aden, kikielekea Zanzibar.

Kwa nini Novemba? Kwa sababu ya upepo. Kuanzia mwezi huo hivi hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka upande wa Uarabuni na India kuja kwetu. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kusi huchukua zamu na kuvirudisha vyombo juu. Mababu wa pwani waliujua huu mpango karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika. Ukikosa msimu, unakaa bandarini ukingoja, hata kama una haraka ya kwenda kumzika mtu. Kwa hivyo Krapf hakuja na ujuzi wowote wa kufika hapa. Aliletwa na nahodha na mabaharia waliokuwa wakienda zao kama kila mwaka.

Na jahazi si hoteli. Katikati kuna shehena, abiria wanajibana juu yake. Maji ya kunywa ni ya kupimiwa. Kwenye majahazi makubwa ya zamani choo kwa kawaida kilikuwa kisanduku kinachoning'inia nje ya tezi, yaani nyuma ya chombo, na mawimbi yako chini yako. Fikiria kuwa mwanamke hapo kwa wiki kadhaa.

Chombo chao cha kwanza kilianza kuvuja baharini. Ikabidi wageuze kurudi Aden, wakaokolewa na boti nyingine. Mtu mwingine hapo angesema basi, imetosha. Hawa walipanda chombo cha pili mwezi huo huo. Wakazunguka Pembe ya Afrika, wakashuka na pwani ya Somalia, wakafika Takaungu, wakapita kisiwa cha Mombasa mwanzoni mwa Januari, na tarehe 7 Januari 1844 wakatia nanga Unguja. Kutoka Aden hadi Mombasa kwa bahari ni karibu kilomita 3,000. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya barabara ya Kitale hadi Mombasa, na unajua vile hiyo pekee hukuvunja mgongo.

Unguja, Sultani Seyyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kufikia Mei, mke na mume walikuwa wamehamia Mombasa.

Sasa piga hesabu na mimi. Rosine alijifungua mtoto wa kike Mombasa tarehe 6 Julai 1844. Kama ile mimba ilitimiza miezi tisa, ilianza karibu Oktoba 1843. Maana yake, alipanda chombo kilichovuja akiwa tayari mjamzito. Akapanda cha pili akiwa mjamzito. Kichefuchefu cha bahari juu ya kichefuchefu cha mimba, na mtoto wa kwanza alikuwa amemzika mwaka huo huo.

Homa ikawapata wote wawili, mke na mume. Rosine alifariki tarehe 13 Julai, wiki moja tu baada ya kujifungua. Mtoto akamfuata siku chache baadaye. Kaburi lake liko hadi leo upande wa Nyali, bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alipona, akaishi hadi 1881. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa 1850, kamusi yake kubwa 1882. Yeye ndiye aliyekuwa na kalamu, na hata haya tunayojua juu ya Rosine mengi yametoka kwa daftari za mume wake.

Kuna mtu atauliza, "Na sisi watu wa Bungoma tunahusika wapi na mambo ya baharini?" Tunahusika. Misafara ya Waswahili ya karne ya 19 ilianzia hiyo hiyo pwani ya majahazi, ikapanda hadi kwa Nabongo Mumia, pale Mumias, jirani kabisa na sisi. Hiki Kiswahili ninachokuandikia kilipanda na watu kama hao. Na homa ya kule tunaijua kwa jina lake, malaria. Mama mjamzito wa Bungoma akienda kliniki leo anapewa neti na dawa ya kuikinga. Rosine alikufa miaka 53 kabla ya Ronald Ross kuthibitisha, mwaka wa 1897, kwamba malaria hubebwa na mbu.

Mwingine atasema tuna wanawake wetu waliosahauliwa, ya nini kumlilia Mzungu? Hoja nzuri, na ndiyo hasa inayonisumbua. Rosine alikuwa na mume anayeandika, shirika London, na kaburi lenye jina. Bado akapotea kwenye noti zetu. Sasa wale akina mama waliolima na kupika chakula kilicholisha misafara Mumias, walipotelea wapi? Yule nahodha aliyewafikisha salama, nani anamkariri?

Walimu, mkifundisha 1844, ongezeni sentensi moja tu yenye jina lake. Na wewe mwenye simu, kukhu wako wa Bungoma ama kogo wako wa Mlima Elgon bado yuko. Usimuulize babu alifanya nini peke yake. Muulize yeye alitoka wapi, alisafiri na nani, alizalia wapi, na nani walikufa njiani. Bonyeza kurekodi kabla hajaanza kujibu.