Ulimi na Nasaba Katika Garissa

Msomaji, ukisimama sokoni Garissa, karibu na mto Tana, utasikia Kiswahili cha namna yake. Msomali aliyejifunza lugha hii ukubwani aweza kusema "besa" badala ya "pesa". Hafanyi hivyo kwa uvivu: Kisomali hakina sauti ya p, na ulimi hushika sauti iliyo jirani.

Nyumbani nako iko desturi ya kale, iitwayo kwa Kisomali abtirsi. Mtoto hufundishwa kuwataja baba zake, mmoja baada ya mmoja, hata amfikie mwanzilishi wa ukoo. Jina lake mwenyewe hufuatwa na la baba, kisha la babu. Kisomali hakikuwa na mwandiko rasmi hata mwaka wa 1972. Basi nasaba ndiyo iliyokuwa kitabu cha historia.

Kitabu hicho hakijui mipaka. Mwaka wa 1925 Uingereza iliipa Italia nchi ya Jubaland, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Tena mwaka wa 1989 serikali ya Kenya iliamuru Wasomali wahakikishwe uraia wao. Wakaulizwa koo zao, na waliokubaliwa wakapewa kadi maalumu. Majina aliyojivunia mtoto nyumbani yakawa ushahidi mbele ya maofisa.

Tafakari basi, msomaji: ulimi waonyesha mtu alikolelewa, na nasaba yaonyesha alikotoka. Hakuna hata kimoja kitoshacho kumwambia jirani, "Wewe si wa hapa."