Uwanja wa besiboli wa chuo: unahitaji nini, na Kasese inaweza kuanzia wapi

Besiboli si mchezo mgeni tena nchini Uganda, lakini viwanja vilivyojengwa mahususi kwa ajili yake bado ni vichache. Vinavyojulikana zaidi vipo Nakirebe, wilayani Mpigi, upande wa barabara inayowapeleka wasafiri wa Kasese na Bwera hadi Kampala kupitia Mbarara na Masaka. Ni mali ya shule ya sekondari ya Allen VR Stanley, iliyoanzishwa na Mmarekani Richard Stanley kwa ajili ya vijana wenye vipaji vya michezo. Hapo mwanafunzi husoma, hulala na hufanya mazoezi mahali pamoja.

Vipimo

Uwanja wa chuo hufuata vipimo vya watu wazima. Vituo vinne hupangwa kwa umbo la mraba, na kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mita 27.4. Mrushaji husimama juu ya tuta la udongo lenye kimo cha sentimita 25, mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Uzio wa mbali huwa takriban mita 100 pembeni na mita 120 katikati.

Kwa watoto wa umri wa miaka 12 hivi, umbali kati ya vituo hupungua hadi mita 18.3, na uzio huweza kuwekwa mita 60 hivi kutoka kwa mpigaji. Tofauti hiyo ni muhimu kwa shule za Kasese: uwanja wa kawaida wa kandanda, wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, unatosha kwa watoto, lakini hautoshi kwa chuo.

Mbali na nyasi, huhitajika wavu imara nyuma ya mpigaji ili kuwakinga watazamaji, vibanda vya wachezaji, kizimba cha wavu cha kujifunzia kupiga, na mifereji ya kuondoa maji. Katika bonde la mto Nyamwamba, uliofurika vibaya mwaka 2013 na tena mwaka 2020, uchaguzi wa ardhi hutangulia mambo yote.

Matunda na vikwazo

Mwaka 2012, watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani. Mwaka 2015, timu ya Uganda iliishinda Jamhuri ya Dominika katika mashindano hayo. Mwaka 2022, vijana wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisajiliwa na klabu ya Los Angeles Dodgers.

Lakini mwaka 2011, watoto wa Kampala waliokwisha kufuzu nchini Poland walinyimwa viza za Marekani kwa sababu ya kasoro katika nyaraka za umri na kuzaliwa. Nafasi yao ilichukuliwa na timu kutoka Saudi Arabia.

Kisa hicho kina uzito kwa wazazi wa mpakani, ambako jamaa za mtoto mmoja huweza kuishi Uganda na Kongo. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mapema, chenye jina linalolingana na la shuleni, ni sehemu ya maandalizi ya mchezaji sawa na glavu.

Jambo jingine ni usalama wa mabweni. Mwezi Juni 2023, waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari huko Mpondwe, jirani na Bwera, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo, shule ya michezo ya bweni katika eneo hili italazimika kupanga bajeti ya ukuta, taa na walinzi kabla ya kununua magongo. Shule ya kutwa inaweza kuanza mapema zaidi, kwa kutumia uwanja wake wa kandanda na vipimo vya watoto.