Kura kwa Miguu na Bunge Lisilosikia: Medicaid, Majimbo na Mpasuko wa Marekani

Tangu mchumi Charles Tiebout achapishe makala yake ya mwaka 1956, wachumi wengi wa Marekani wameshikilia kwamba raia asiyeridhika na utawala wa mahali pake hupiga kura kwa miguu: hufungasha virago akahamia panapomfaa. Tiebout alizungumzia manispaa. Waliomfuata, na profesa wa sheria Ilya Somin ndiye mtetezi wao hodari, waliitandaza hoja hadi kwenye majimbo, na leo inauzwa kama dawa ya mpasuko wa kisiasa: wahafidhina wajitungie sheria zao, waliberali zao, Washington ikae kando. Kasoro ya hoja hii ni kudhani kwamba bunge la jimbo husema waliyo nayo wakazi moyoni.

Tuipime hoja hiyo katika mji wa Bristol. State Street, barabara kuu ya mji huo, ndiyo mpaka wa Virginia na Tennessee. Vibao vidogo vya shaba vimepachikwa katikati ya lami kuuonyesha. Tangu Januari 2019, mtu mzima wa upande wa Virginia ambaye kipato chake hakizidi asilimia 138 ya kiwango rasmi cha umaskini anastahili Medicaid, bima ya umma ya wasio na uwezo. Upande wa Tennessee, mtu mzima asiye mzee, asiye na mtoto, mimba wala ulemavu, hapati hata awe hohehahe. Ajabu ni kwamba jirani yake aliyevuka kidogo kiwango hicho cha umaskini hupewa ruzuku ya serikali ya shirikisho anunue bima binafsi. Fukara zaidi ndiye anayekosa. Waliotunga sheria ya bima ya afya ya 2010 hawakukusudia hivyo: walitarajia kila jimbo lipanue Medicaid, kisha mwaka 2012 Mahakama ya Juu, katika kesi ya NFIB dhidi ya Sebelius, ikalifanya jambo hilo kuwa la hiari. Nashville, makao makuu ya Tennessee, ikakataa, ingawa serikali ya shirikisho hubeba asilimia 90 ya gharama za upanuzi.

Kwa nini fukara wa Tennessee asivuke barabara tu? Kwa sababu asiye na kitu ndiye asiye na amana ya kumpa mwenye nyumba mpya.

Pingamizi zito ni kwamba ndivyo wapiga kura wa Tennessee walivyotaka. Hawajaulizwa. Kati ya 2017 na 2022, majimbo saba yaliulizwa kwa kura ya wananchi kama yapanue, na yote yakakubali: Maine, Idaho, Nebraska, Utah, Oklahoma, Missouri na South Dakota. Ukiondoa Maine, ni ngome za Republican. Huko Missouri wabunge waligoma kutenga fedha hata baada ya kura, mpaka mahakama ya juu ya jimbo ilipowabana mwaka 2021. Sasa tazama majimbo 10 ambayo hayajapanua. Saba hayampi raia njia ya kupeleka hoja yake moja kwa moja kwenye kura. La nane, Mississippi, lilikuwa nayo hadi mahakama yake ilipoifuta mwaka 2021. Yanayobaki na njia hiyo ni Florida, inayodai asilimia 60 kubadili katiba yake, na Wyoming.

Virginia nayo haina njia hiyo, na ilipanua. Lakini ilifanya hivyo baada tu ya uchaguzi wa 2017 kuliacha baraza lake la chini limegawanyika 51 kwa 49, wabunge wakaanza kuogopa viti vyao. Kwa hiyo mpasuko tunaosimuliwa kuwa wa jamii mbili zisizopatana, katika suala hili angalau, huenda ni wa mabunge zaidi kuliko wa wananchi. Wala sidai Washington ni mkombozi: sheria iliyotiwa saini Julai 2025 itawataka wengi wa walioingia kwa upanuzi wathibitishe kwamba wanafanya kazi, na wapiga kura wa Missouri hawakuulizwa.