Kazi za Pamoja na Maandalizi ya Ajira kwa Wanaopona Maradhi ya Akili Nachingwea na Ruangwa

Mtu aliyeugua maradhi ya akili na kupata nafuu hukabiliwa na swali ambalo dawa hailijibu: nani atampa kazi? Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ambako kaya nyingi huishi kwa korosho, ufuta na mbaazi, swali hilo huanzia nyumbani, mapema kuliko barua ya maombi ya ajira. Ndugu hugawana kazi za shamba na kumwacha mmoja kivulini kwa huruma. Fedha za mauzo zinapoingia, hugawanywa bila yeye kuulizwa. Hali hiyo ikidumu, mtu hupoteza mazoea ya kuamka kwa wakati, kutimiza zamu na kuelewana na wenzake. Mazoea hayo ndiyo mwajiri anayoyatafuta kwanza, kabla hata ya cheti.

Kuyarudisha kwa kufanya kazi bega kwa bega na wengine si jambo geni nchini. Hospitali ya Lutindi, wilayani Korogwe, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, inajulikana kwa kuwashirikisha wagonjwa katika kilimo na kazi za mikono. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianza kuanzishwa vijiji vya kilimo vya utengamao, ambamo waliopata nafuu waliishi, wakalima na kufuga huku wakiendelea na matibabu, kabla ya kurejea makwao. Kijiji cha Vikuruti, Chanika, jijini Dar es Salaam, kilicho chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ni cha mkondo huo. Katika mkoa jirani wa Mtwara, shirika la BasicNeeds lilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000 likiunganisha matibabu ya karibu na nyumbani na shughuli za kujipatia kipato.

Nje ya nchi, mfano unaotajwa zaidi ni Fountain House ya New York, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1948 kutokana na juhudi za watu waliotoka hospitali ya maradhi ya akili. Anayefika pale huitwa mwanachama. Wanachama na watumishi hupika, huandaa hesabu, hupokea simu na kusafisha jengo pamoja, kwa saa za kawaida za kazi. Anayekuwa tayari hupelekwa kwa mwajiri wa nje kwa saa chache kwa siku, kwa miezi kadhaa, akilipwa ujira uleule wanaolipwa wengine. Siku asipoweza kufika, mwenzake au mtumishi hushika nafasi yake ili mwajiri asipate hasara. Kipengele hiki cha mwisho kina uzito kuliko vingine, kwani hofu kubwa ya mwajiri ni kuachiwa pengo.

Pengo la namna hiyo linaweza kuzibwa Nachingwea na Ruangwa bila kujenga jengo lolote, kwa sababu kilimo cha korosho chenyewe ni kazi ya zamu. Mashamba husafishwa baada ya masika. Mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga katika miezi ya kiangazi. Kuanzia Oktoba korosho huokotwa, hutenganishwa na mabibo, hukaushwa juani, huchambuliwa na kujazwa magunia kwa ajili ya chama cha msingi, kisha husubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Kikundi cha watu wanane wanaochambua korosho kinaweza kumpokea wa tisa kwa saa mbili, kumwongezea muda wiki inayofuata, na kuziba nafasi yake siku anapokwenda kliniki. Akizoea kuchambua, hupewa kupima uzito. Akiaminika katika mizani, huandika daftari. Mtu aliyeandika daftari la kikundi kwa msimu mzima ana jambo la kumwonyesha mwajiri, liwe duka, ghala au ofisi ya chama cha ushirika.

Si kila kazi inamfaa kila mtu. Kloropromazini, dawa inayotumika sana kutibu maradhi ya akili, huweza kuleta usingizi na kuifanya ngozi iungue kwa urahisi juani; anayeitumia afanye kazi kivulini au avae kofia na mikono mirefu. Wenye kifafa, ambao wengi huhudumiwa katika kliniki hizohizo, wasiwekwe kwenye moto wa kuchemshia korosho, juu ya miti, kisimani wala kwenye mashine. Mafuta ya ganda la korosho huchubua ngozi ya yeyote, hivyo mbanguaji anahitaji glavu. Anayechomwa sindano ya kila mwezi apewe ruhusa siku hiyo bila kutakiwa kueleza ugonjwa wake mbele ya wenzake. Muuguzi wa afya ya akili au mratibu wa huduma hizo wilayani ndiye wa kuulizwa kabla ya kupanga zamu. Wala nafuu inayoonekana kazini si sababu ya kuacha dawa bila ushauri wake.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: kumfanyisha mtu kazi bila malipo kwa jina la tiba. Kufagia ua wa kituo pamoja na wengine ni sehemu ya maandalizi. Kuokota magunia kumi ya korosho za mtu mwingine na kulipwa chakula cha mchana ni unyonyaji. Mazao yakiuzwa, mgawo wake apewe yeye mwenyewe, mkononi au kwenye akaunti yake, ndugu akiwa shahidi ikibidi.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua pia ulemavu unaotokana na sababu za kiakili. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Waajiri wakubwa kiasi hicho si wengi vijijini, ingawa uchimbaji wa kinywe Ruangwa unaweza kubadili hesabu hiyo. Kwa wengi, njia ya karibu ni mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya.

Familia au kikundi kinachotaka kuanza kinaweza kwenda kwa mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii au afisa ustawi wa jamii, ambao wataeleza masharti ya usajili na ya utambuzi wa ulemavu. Ni vema kwenda mapema, kabla ya Oktoba, kwa kuwa korosho zikianza kudondoka hata watendaji wa vijiji huonekana mashambani zaidi kuliko ofisini.