Bajeti ya kijinsia katika michezo

Bajeti ya kijinsia katika michezo ni utaratibu wa kuchunguza fedha za umma za michezo zinamfikia nani, kisha kuzigawa kwa haki. Australia ilitangulia kuichambua bajeti ya serikali kwa jicho hili mwaka 1984. Austria iliuweka wajibu wa kufanya hivyo katika katiba, ukaanza kutumika 2009. Nchini Tanzania, TGNP, shirika linalotetea usawa wa kijinsia, limepigania bajeti ya kijinsia tangu 1997. Kazi yenyewe ni kuhesabu: uwanja uliojengwa kwa kodi ya wote hutumiwa na nani, saa zipi, na je, una taa, vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo vya wasichana? Ruzuku inayotolewa kwa kufuata idadi ya timu zilizopo huwaongezea waliokwisha kupendelewa. Bila takwimu zinazotenganisha wanawake na wanaume, dhuluma hiyo haionekani katika vitabu vya hesabu.