Kutoka Kodi ya Nyumba hadi Bitcoin

Mwezi Mei 2013, mtaa wa Bangladesh mjini Mombasa ulijipatia fedha yake. Wauza mboga, mafundi cherehani na wachuuzi wengine wa kitongoji hicho cha mabanda walianza kulipana kwa vocha za karatasi walizoziita Bangla-Pesa, maana kazi na bidhaa zilikuwepo ila shilingi ziliadimika. Kabla mwezi haujaisha, polisi walikuwa wameshafika. Watu sita, akiwemo Mmarekani aliyebuni mpango huo, walifikishwa mahakamani kwa tuhuma za kughushi, na awali wakashukiwa kuhusika na Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya. Agosti mwaka huohuo mashtaka yakafutwa.

Vocha zile hazikutengenezwa ili kumkwepa mtoza kodi. Serikali ilishtuka hata hivyo, na mshtuko huo una asili ya zamani kuliko Kenya yenyewe.

Kabla ya ukoloni, bara lilifanya biashara kwa vitu vingi: kauri, shanga, vitambaa vya merikani, pembe. Pwani kulikuwa na rupia za India na reale za Maria Theresa. Mtu mwenye ng'ombe na ghala la mtama alikuwa tajiri bila kumiliki hata rupia moja. Ndipo ikaja kodi ya nyumba. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka rupia 3 kwa kila nyumba. Upande wa Kenya, kanuni za kodi hiyo zilitoka 1901. Mwanzoni baadhi ya watu walilipa kwa mifugo, mazao au kazi, lakini rupia ndiyo iliyokuwa ikitafutwa, na mahali pa kuipata palikuwa shamba la mzungu au kibarua cha reli. Ukichungulia nia yao, watawala hawakuhitaji mapato tu. Walihitaji mikono.

Watu hawakukaa kimya. Palipohesabiwa nyumba, familia zilibanana chini ya paa moja ili hesabu ipungue. Ulikuwa werevu halisi, nao ulizaa matunda kwa muda. Kisha sheria ya 1910 ikawabana wanaume wazima wasio na nyumba ya kutozwa: kodi ya kichwa. Serikali iliacha kuhesabu mapaa peke yake, ikahesabu vichwa. Miaka kumi hivi baadaye mwanaume Mwafrika nchini Kenya alitembea na kipande shingoni, ndani ya kijikasha cha bati, chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake.

Ni vigumu kuisoma historia ya Bitcoin bila kuvikumbuka vibanda vile vilivyojaa watu. Sarafu hiyo ilianza Januari 3, 2009, na mtu asiyejulikana mpaka leo, aliyejiita Satoshi Nakamoto, akapachika katika rekodi yake ya kwanza kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London kuhusu kuokolewa kwa mabenki. Hakuna benki kuu, hakuna gavana, na idadi yake haitavuka milioni 21. Wafuasi wake wa mwanzo waliamini kwamba fedha isiyo na mwenyewe haina pa kukamatiwa.

Kuna siku imani hiyo ilikuwa kweli. Oktoba 2020, vijana wa Nigeria walipoandamana kupinga kikosi cha polisi cha SARS, kundi la wanawake la Feminist Coalition lilipokea michango kwa Bitcoin baada ya njia za benki kufungwa. Anayesema sarafu hizi ni utapeli mtupu ana jambo hilo la kueleza.

Lakini daftari la Bitcoin liko wazi kwa kila mtu, na halifutiki. Mei 2021 wahalifu wa mtandaoni walilipwa fidia ya sarafu 75 na kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial nchini Marekani. Mwezi uliofuata FBI ikatangaza kuzinasa zaidi ya 60. Noti ya shilingi elfu moja haiachi alama za namna hiyo.

Afrika Mashariki, kikwazo kilikuwa cha kawaida zaidi: duka la mboga halipokei Bitcoin. Sarafu lazima igeuzwe shilingi, na shilingi mara nyingi hupita M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho. BitPesa, kampuni ya kubadilisha Bitcoin iliyoanzishwa Nairobi 2013, iliuonja ukweli huo kampuni ya simu ya Safaricom ilipoisitishia huduma ya M-Pesa, ikisema haina kibali cha Benki Kuu. Desemba 2015 Mahakama Kuu ilikataa kuamuru huduma irejeshwe. Hakuna aliyeigusa Bitcoin yenyewe. Mlango tu ulifungwa.

Baada ya mlango, bila shaka, hufuata ushuru wa mlangoni. Septemba 2023 Kenya ilianza kutoza asilimia 3 ya thamani ya kila mali ya kidijitali inayouzwa, upate faida au upate hasara. Tanzania, ambayo Benki Kuu yake ilitoa tangazo la kuzikataza sarafu hizo Novemba 2019, iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 mwaka 2024. Mwaka 2025 Kenya ikaifuta ile ya kwake, na badala yake ikatoza ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za kampuni zinazobadilisha sarafu. Watoza kodi wa 1910 wangeutambua mchezo huo mara moja.

Oktoba 2025 ikafuata sheria ya leseni ya Kenya, inayoziweka kampuni hizo chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Miaka miwili kabla ya hapo, kamati ya fedha ya Bunge ilipotafuta wa kuandaa rasimu ya kwanza, iliikabidhi kazi hiyo jumuiya ya wafanyabiashara wa sarafu wenyewe, nao wakaipokea.